Utafiti wa zana za ulinzi, Kaskazini Mashariki ya Kenya

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, hitaji la dharura ni vifaa vya kugundua mabomu yanayotegwa barabarani. Tishio hilo lilizidi baada ya jeshi la Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011, na barabara ya Garissa kwenda Dadaab hadi Liboi imeathirika sana. Mfano wa kugharimia utafiti wa vifaa hivyo upo: Marekani, kwa sheria ya mwaka 1982, ilianza kuzitengea kampuni ndogo fungu la fedha za utafiti za serikali, Wizara ya Ulinzi ikitoa sehemu kubwa zaidi. Fungu kama hilo lingewafaa mno mafundi wa Garissa, wanaoijua barabara hiyo ya Dadaab. Kenya iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti kwa sheria ya 2013, nayo ingeweza kutenga fungu hilo. Kiwanda cha bunduki cha Ruiru, kilichofunguliwa 2021, hakizibi pengo hilo la kampuni ndogo, kwani ni mali ya serikali.