Barabara ya Musoma hadi Butiama: njia ya Mwisenge, Nyegina na Mwitongo

Kwa anayetoka Kigera, katika Manispaa ya Musoma, safari ya kwenda Butiama ni ya takriban kilomita 40. Ziwa Victoria hubaki nyuma, mawe makubwa yaliyopandana vilimani huanza kuonekana, na baada ya Bweri msafiri hufika Makutano, inapopita barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari. Kutoka hapo njia hushika kuelekea Butiama.

Wageni wengi huipita njia hiyo mbio, wakazuru kaburi la Mwalimu Julius Nyerere na kurejea mjini siku hiyo hiyo. Si vibaya, lakini wanaikosa nusu ya safari, ambayo huanzia Musoma kwenyewe. Katika Shule ya Mwisenge, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alianza masomo mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Mwendo ambao leo gari huumaliza kwa muda usiozidi saa moja yeye aliutembea kwa miguu. Nje kidogo ya mji, kwa atakayekubali kuchepuka, ipo misheni ya Nyegina, alikobatizwa Desemba 23, 1943 na kupewa jina la Julius. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Butiama kwenyewe, mahali pa kutazamwa bila haraka ni Mwitongo, kilima chenye mawe lilipokuwa boma la Mtemi Burito. Jina hilo la Kizanaki maana yake ni mahame, na msomaji atalikumbuka neno la Kiswahili matongo, lililo ndugu yake. Ajabu ni kwamba mahame haya hayakuhamwa. Yapo makaburi ya Mtemi na ya Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu. Ipo nyumba ambayo Mwalimu alijengewa na jeshi, akaishi humo kwa muda mfupi tu. Na lipo kaburi lake mwenyewe, alimozikwa Oktoba 23, 1999, siku tisa baada ya kufariki London. Makumbusho yanayobeba jina lake yalifunguliwa mwaka huo huo.

Jirani na hapo upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wa Butiama huuhesabu kuwa mtakatifu. Kukata miti yake ni mwiko, na mgeni anayetaka kuingia huomba kwanza ruhusa kwa wenyeji.