Bulyanhulu: Ushahidi wa Ndugu Tuupime Vipi?

Ndugu msikilizaji, wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa barazani, lakini linapohusu roho za watu haitoshi.

Huku kwetu Mwadui, na katika machimbo yote hadi Geita, limesemwa kwa miaka mingi kwamba wapo wachimbaji wadogo waliofukiwa wakiwa hai katika mashimo ya Bulyanhulu, wilayani Kahama, Agosti 1996. Wanaolisema kwa uchungu zaidi ni wazazi, wake na ndugu wa watu ambao hawakurudi.

Tukumbushane. Mwishoni mwa Julai 1996 Serikali iliamuru wachimbaji wadogo waipishe Kahama Mining, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Agosti 2 Mahakama Kuu, Tabora, ilitoa amri ya kusimamisha zoezi hilo, lakini siku chache baadaye mashimo yalifukiwa. Serikali na kampuni zilikana kwamba mtu yeyote alifukiwa. Barrick, iliyonunua mgodi huo mwaka 1999, nayo ilikana. Mwaka 2001 wanasheria wa LEAT walitoa orodha ya majina zaidi ya 50 pamoja na maelezo ya ndugu, wakidai tume huru. Walioshikilia suala hilo wakashtakiwa kwa uchochezi, na Oktoba 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema madai hayakuthibitishwa. Tume huru haikuundwa.

Je, maneno ya ndugu yana uzito gani? Kwa maoni yangu, yagawanywe mafungu matatu. Mama akisema mwanawe aliondoka nyumbani kwenda machimboni, na kwamba tangu Agosti ile hajapata salamu zake, hapo hakuna shahidi wa kumzidi. Akisema siku hiyo mwanawe alikuwa shimoni, hayo aliambiwa na wenzake mwana, basi watafutwe wao. Akieleza alivyokufa, anasimulia masimulizi. Hasemi uongo, ila hakuwepo.

Tena machimbo yana tabia zake. Mchimbaji huhama kufuata madini, leo Kahama, kesho Nyarugusu au Merelani, na wengine hukaa miaka bila kuandika barua. Kambini mtu huitwa kwa jina la utani, hata jirani yake wa shimo asijue jina alilopewa na babaye. Zaidi ya hayo, orodha iliyotolewa baada ya miaka mitano, wakati fidia ikitajwa, lazima ikaguliwe jina kwa jina.

Lakini mizani ni moja kwa wote. Vyombo vya dola vilivyosimamia uhamishaji ndivyo vilivyotangaza kwamba hakufa mtu. Kampuni nayo ilikuwa na mgodi wa kulinda. Karatasi yenye muhuri ni ushuhuda wa binadamu mwenye masilahi, kama ulivyo ushuhuda wa ndugu.

Hapa ndipo pande zote mbili zilipoteleza. Mmoja wa waliotajwa akionekana hai, jina lake lifutwe, lakini hilo haliwafanyi wengine wote kuwa waongo. Na mwingine asipoonekana, hilo peke yake halithibitishi kwamba yuko chini ya kifusi. Kila jina ni kesi yake, na kila kesi yataka ndugu, wenzake wa shimo, mwenyekiti wa kijiji na, inapobidi, sepetu.

Ndugu msikilizaji, wazazi wa mwaka 1996 wanazeeka na wengine wametangulia. Kazi ya kuandika maelezo yao, waliyoyaona upande mmoja na waliyoyasikia upande mwingine, haihitaji kusubiri hukumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu huo si ushahidi wa mauaji, lakini unatosha kabisa kuwa sababu ya kuchunguza.