Shanta lilivyoshuka kutoka mabegani

Mwaka 1951, marafiki wawili walikuwa safarini katika milima ya Sierra Nevada, California, mizigo yao imefungwa kwenye fremu za mbao. Mmoja wao akachomeka ncha mbili za chini za fremu yake ndani ya mifuko ya nyuma ya suruali yake ya jinzi. Mabega yakapata nafuu papo hapo, maana uzito ulikuwa umehamia nyongani. Mwenzake, seremala aitwaye Dick Kelty, hakulisahau jambo hilo.

Anayeingia dukani leo kununua shanta la safari ya siku tano au sita huulizwa kwanza: la lita ngapi? Historia ya chombo hiki inaonyesha kwamba swali la kwanza lingepaswa kuwa jingine: uzito utakaa wapi mwilini? Waundaji wa mashanta walitumia miaka mingi kulipatia jibu, na jibu lenyewe lilikuwa shubiri mbili tatu tu chini ya bega.

Fremu ni kongwe kuliko chuma. Mnamo Septemba 19, 1991, mume na mke kutoka Ujerumani waliokuwa wakitembea kwenye Milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, walikuta maiti imejitokeza kwenye barafu, mita 3,210 juu ya usawa wa bahari. Alikuwa mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita, na leo dunia inamwita Ötzi. Karibu naye palikuwa na fito iliyopindwa mfano wa herufi U, pamoja na vibao vyembamba. Watafiti wengi wanaamini ni mabaki ya fremu ya kubebea mzigo mgongoni, ingawa wapo wanaodhani ni kiatu cha kutembelea kwenye theluji.

Hata hivyo, kwa karne nyingi wasafiri na askari wengi wa Ulaya waliendelea kubeba mifuko ya ngozi na turubai iliyoning'inia mabegani bila kiunzi chochote. Mfuko wa namna hiyo humvuta mtu nyuma, naye huinama mbele kujisawazisha. Mwaka 1908, Ole Bergan wa Norway alichoshwa na adha hiyo akiwa mawindoni. Inasimuliwa kwamba alikata tawi la mti, akalipinda lifuate umbo la mgongo wake, kisha akalifunga kwenye mfuko. Mwaka uliofuata akapata hataza ya ubunifu wake. Askari wa Uingereza hadi leo huliita shanta lao "bergen".

Marekani nayo ilipata fremu yake katika miaka ya 1920. Lloyd Nelson alikwenda Alaska, akaazima kwa wenyeji wa huko shanta la vijiti na ngozi ya sili. Lilimtesa mgongo, lakini akaona akili iliyokuwa ndani yake. Aliporudi akatengeneza fremu ya mbao yenye turubai lililokazwa, ili mgongo uguse kitambaa, usiguse mbao. Shanta hilo lilifahamika kama Trapper Nelson na likatumika kwa miongo mingi. Hata hivyo, mzigo ulikuwa bado juu ya mabega.

Hapo ndipo mifuko ya ile suruali ya jinzi inapopata maana. Mwaka 1952 Kelty alianza kuunda fremu za alumini katika gereji ya nyumba yake huko Glendale, mkewe Nena akishona mifuko. Mwaka huo wa kwanza waliuza mashanta 29, kwa dola 24 kila moja. Alumini ilipunguza uzito na mkanda wa kiunoni ukashika nafasi ya mifuko ya jinzi. Mwaka 1963, msafara wa Wamarekani uliofika kilele cha Everest ulikuwa na mashanta ya Kelty.

Fremu ya nje ilikuwa na kasoro yake: kwenye majabali iliyumba na kumyumbisha mpandaji. Mwaka 1967 Greg Lowe aliificha fremu ndani ya mfuko, shanta likakumbatia mgongo. Aliongeza mkanda wa kifuani, na vikanda vya juu vya kuuvuta mzigo karibu na mwili. Miaka kumi baadaye, Wayne Gregory alianzisha kampuni yake San Diego, akishikilia kwamba shanta lichaguliwe kwa saizi kama kiatu. Baadaye yakaja mashanta yaliyokatwa kwa umbo la wanawake, mikanda ya mabegani ikiwa imekaribiana zaidi na mkanda wa nyonga ukiwa na mwinamo tofauti.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya. Wanawake wa Kijaluo waliobeba mzigo kichwani, na wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda wa paji la uso, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada zilizoweza kupimika. Walichofanya wao kwa mazoezi ya tangu utotoni, waundaji wa mashanta walikuwa wakikitafuta kwa alumini: kuuondoa mzigo kwenye nyama ya bega.

Kwa hiyo, unapochagua shanta, anza kwa kupima mgongo, wala usitegemee kimo chako, kwani watu wawili wa kimo kimoja huweza kuwa na migongo tofauti kabisa. Inamisha kichwa, tafuta kifupa kinachochomoza chini ya shingo. Shika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma juu ya mifupa ya nyonga. Mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kifupa hadi usawa wa vidole hivyo. Hiyo ndiyo saizi yako.

Kisha jaribu shanta likiwa na mzigo wa kilo kumi na kitu, maana tupu lolote hukaa vizuri. Legeza mikanda yote. Funga kwanza wa nyonga, uwe juu ya mifupa, usiwe tumboni. Ndipo ukaze ya mabegani, vikanda vya juu, na mwisho wa kifuani. Tembea dukani robo saa. Ukiweza kupitisha vidole chini ya mikanda ya mabegani bila kuvikwamisha, mzigo umefika mahali pake.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana kila hatua ya historia hii ilianzia kwa aliyekuwa na mzigo mgongoni mwake mwenyewe. Kwenye mageti ya Kilimanjaro, mizigo ya wapagazi, wale wanaojiita wagumu, hupimwa kwa mizani, kikomo kikiwa kilo 20. Mgeni hupita na kijishanta chepesi kilichomkaa sawasawa. Mgumu hujitwika begi la mgeni kichwani, na mgongoni huvaa shanta lake, ambalo mara nyingi aliachiwa na mgeni mwingine, lililochaguliwa kwa mgongo usio wake. Mizani husoma kilo, ikamruhusu apite.