Sapu yangu na Azimio la Musoma

Matokeo yametoka. Mimi nina sapu moja, rumeti wangu kadisko. Koziweki yake ilikuwa safi tu, mtihani wa mwisho ndio uliomwangusha.

Hebu tukumbuke historia. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa 1961, shahada zake zilikuwa za University of London. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili, chenye shahada zake. Mwaka 1974 TANU, kwenye Azimio la Musoma, ikataka mitihani ya mwisho ipunguziwe uzito, kazi za kila siku nazo zihesabiwe.

Kumbe kanuni huandikwa na watu, na watu huzibadilisha! Muhula huu chuoni kwetu wanapitia upya kanuni za kufeli. Wawakilishi, ingieni kikaoni na hoja hiyo.

Rumeti anafunga begi. Haya, narudi kusomea sapu.