Picha ya Pamoja: Mkao, Mwanga na Maneno katika Upigaji Picha wa Pwani ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Unguja, Mombasa na Lamu hupatikana picha za pamoja: za arusi, za darasa, za timu ya kandanda, za ukoo uliokusanyika siku ya Idi. Watafiti wa utamaduni huzitumia kama ushahidi wa mavazi na mapambo. Ni mara chache mno huchunguzwa namna watu walivyopangwa na mwanga ulivyowaangukia. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua nani aonekane na nani apotee, na kwamba msamiati wa Kiswahili umehifadhi sehemu ya historia hiyo.

2. Mkao

Uvumbuzi wa Louis Daguerre ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839. Baada ya miaka michache tu, kati ya 1846 na 1848, nahodha Mfaransa Charles Guillain aliufikisha katika pwani hii wakati wa safari yake ya uchunguzi. Kwa mbinu hiyo ya awali, aliyepigwa picha alilazimika kutulia kwa muda mrefu. Akitikisika, sura yake ilikuwa ukungu. Bamba la kolodioni la mwaka 1851 lilipunguza muda huo hadi sekunde chache, na bamba kavu la jelatini, lililobuniwa mwaka 1871 na kuboreshwa baadaye, likaupunguza zaidi.

Kwa hiyo, ukavu wa nyuso katika picha kongwe usifasiriwe haraka kuwa ni woga. Hata hivyo, maelezo ya kiufundi peke yake hayatoshi. Kufikia miaka ya 1930 kamera haikuhitaji tena utulivu wa namna ile, lakini wazee waliendelea kuketi wima, mikono juu ya magoti, bila kucheka. Sharti la mashine lilikuwa limekwisha. Lililobaki ni heshima.

Mpangilio uliozoeleka wa picha ya pamoja unaonyesha jinsi adabu na ufundi vilivyokutana. Wazee waliwekwa vitini katikati, vijana wakasimama nyuma, watoto wakaketi mkekani mbele. Mpango huu unafuata daraja za umri, na papo hapo unatoa vimo vitatu ili uso wowote usifunikwe na mwingine. Safu ilipokuwa ndefu, mpiga picha mzoefu aliipinda kidogo mfano wa mwezi mchanga, ili walio pembeni wawe na umbali uleule kutoka kwenye lenzi kama walio katikati. Bila hivyo, wa pembeni hufifia; na aghalabu wa pembeni ndio wenye cheo kidogo.

3. Mwanga

Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, na kivuli cha paji la uso hujaa machoni. Suluhisho lilikuwa kupiga picha asubuhi au alasiri, au kuwaweka watu kwenye kivuli kilicho wazi, mathalani barazani, ambako mwanga huja kwa upole kutoka mbele.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa la kanzu nyeupe na uso mweusi. Mwanga ukipimwa kwa kufuata kanzu, uso huingia gizani. Ukipimwa kwa kufuata uso, kanzu hupoteza mikunjo yake yote. Stadio zilizofunguliwa Unguja, kama ile ya familia ya Wagoa ya A. C. Gomes katika karne ya 19 na Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilihudumia wateja wa rangi mbalimbali, na fundi alipaswa kulimudu jambo hilo kila siku.

Filamu za rangi zilirudisha tatizo hilo kwa sura nyingine. Kwa miongo kadhaa katikati ya karne ya 20, kadi za Kodak za kusawazishia rangi zilibeba picha ya mwanamke mweupe. Katika kundi mchanganyiko, mweupe alitoka vizuri, naye mweusi akabaki meno na macho. Aliyejua kazi yake alilihamishia kundi zima kivulini na kupima mwanga kwa kufuata uso mweusi kuliko zote.

4. Maneno

Katika Kiswahili cha karne ya 19, neno *sanamu*, lenye asili ya Kiarabu, liliweza kutaja kinyago, kitu cha kuabudiwa, na hata picha. Neno *picha*, kutoka Kiingereza, halikubeba mzigo huo wa ibada. Kitenzi *piga* nacho kisihusishwe na shambulio. Kimo pia katika *piga pasi*, *piga magoti* na *piga chapa*, ambako maana ya kugonga imefifia. Mafundi waliongeza *kusafisha picha*, kwa maana ya kuitoa kwenye mkanda kwa dawa.

Neno *pozi* limesafiri mbali zaidi. Lilitokana na mkao mbele ya kamera. Leo *mapozi* ni maringo. Utulivu uliokuwa heshima umegeuka, katika lugha ya vijana, kuwa madaha.

5. Hitimisho

Simu za mkononi zimeondoa gharama ya mkanda, lakini hazijaondoa kivuli cha adhuhuri wala kufifia kwa wa pembeni. Zaidi ya hayo, desturi ya kuandika nyuma ya picha majina ya "walioketi, kutoka kushoto" inatoweka. Uso uliomulikwa vizuri lakini usio na jina ni ushahidi nusu. Anayekusanya picha hizi na aanze na wazee walio hai, aandike majina ya safu zote, hasa ya waliosimama pembeni.