Sarafu Mkononi: Kumbukumbu za Mashahidi wa Angani huko Louisville, Columbus na Buffalo

Historia ya vitu virukavyo visivyotambulika, yaani vitu ambavyo aliyeviona angani hakuweza kusema ni nini, kwa kawaida huandikwa kana kwamba ni historia ya vitu vyenyewe, ilhali kilichowafikia wachunguzi karibu kila mara kilikuwa maneno ya watu waliokumbuka. Kwa hiyo ni historia ya ushahidi kabla ya kuwa historia ya anga, na sehemu kubwa yake ilitendeka katika ukanda wa Marekani ulio kati ya Louisville, Columbus na Buffalo.

Mchana wa tarehe 7 Januari 1948, polisi wa barabara kuu wa jimbo la Kentucky walipokea simu za watu walioona kitu cha mviringo angani, ambacho upana wake ulikadiriwa kuwa futi 250 hadi 300, na muda si mrefu watumishi wa mnara wa kuongozea ndege wa Godman, katika kambi ya Fort Knox kusini magharibi mwa Louisville, nao wakakiona. Kanali Guy Hix, mkuu wa uwanja huo, alieleza kuwa kilikuwa cheupe sana, ukubwa wake kama robo ya mwezi mpevu, na kwamba kilionekana kutulia mahali pamoja kwa saa moja na nusu. Kapteni Thomas Mantell, rubani wa miaka 25 wa kikosi cha anga cha ulinzi wa jimbo hilo, aliyekuwa njiani kuelekea Louisville na wenzake katika ndege za F-51, aliombwa akichunguze. Alipanda bila vifaa vya oksijeni; wenzake walipokaribia futi 22,000 waligeuka, yeye akaendelea, na ndege yake ikaanguka karibu na mji wa Franklin. Saa yake ya mkononi ilikutwa imesimama kwenye saa 9:18 alasiri, na hicho ni miongoni mwa vitu vichache katika mkasa huo ambavyo havikubadilika kadiri ulivyosimuliwa.

Mengine yote yalibadilika. Wapo waliodai kumsikia Mantell redioni akisema kwamba kitu hicho kilionekana kuwa cha metali na kikubwa mno, lakini Edward Ruppelt, ofisa wa Jeshi la Anga aliyelipitia upya jalada la mkasa huo baadaye, aliandika kwamba wengine walibisha kama maneno hayo yalitamkwa kabisa. Jioni ileile, Mantell akiwa amekwisha kufa, watumishi wa uwanja wa kijeshi wa Lockbourne, kusini mwa Columbus, waliripoti mwanga ulioshuka hadi karibu na ardhi, ukakaa sekunde kama kumi, kisha ukapaa kwa kasi kubwa. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba walikuwa wakiitazama sayari ya Zuhura ikielekea kutua. Kitu cha mchana kwa uwezekano mkubwa kilikuwa puto la Skyhook, puto kubwa la utafiti wa anga za juu la Jeshi la Majini, ambalo wakati huo lilikuwa siri. Carl Seyfert, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Nashville, aliona alasiri hiyo puto lenye umbo la peasi, lenye kamba na kikapu. Ushuhuda wake una uzito kwa sababu alitazama akiwa mbali na msisimko wa mnarani, si kwa sababu ya cheo chake.

Columbus ndiko kulikofanyika jitihada kubwa ya kuitia nidhamu kumbukumbu. J. Allen Hynek, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alichukuliwa na Jeshi la Anga kuwa mshauri mwaka 1948, na miaka michache baadaye Taasisi ya Battelle ya mjini humo ilipewa kazi ya kutunga dodoso, yaani karatasi ya maswali yaliyopangwa, na kuyachambua majibu yake kwa kadi za kutobolewa. Swali moja la dodoso hilo linastahili heshima hadi leo: shahidi hakuulizwa tu kitu kilikuwa na ukubwa gani, bali alitakiwa kukilinganisha na kichwa cha pini, punje ya njegere au sarafu iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Busara yake ni kwamba jicho hupima pembe tu, na asiyejua umbali wa kitu hawezi kujua upana wake. Futi 300 za Kentucky zilikuwa kisio lililovaa vazi la kipimo.

Matokeo ya Battelle, yaliyotolewa mwaka 1955 kutokana na taarifa zaidi ya 3,000, yanapaswa kuwatuliza wanaowadharau mashahidi: taarifa zilizopewa daraja la juu kwa ubora ndizo zilizobaki bila utambuzi kwa wingi zaidi, takriban theluthi moja, wakati zile dhaifu zilikuwa karibu moja kwa sita. Lakini daraja hilo lilipimwa kwa maelezo ambayo mara nyingi yalikwisha kupita vinywani mwa wengi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha jinsi maneno ya wengine yanavyoweza kubadili kumbukumbu: watazamaji wa filamu za ajali za magari walitaja kasi kubwa zaidi pale swali lilipotumia kitenzi kikali zaidi cha kugongana, na wiki moja baadaye wengi zaidi kati ya walioulizwa kwa kitenzi hicho walikumbuka vioo vilivyovunjika, ambavyo havikuwamo katika filamu. Hawakudanganya, swali lilikuwa limeingia ndani ya kumbukumbu.

Mwaka 1976, katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo, mwanafalsafa Paul Kurtz alianzisha kamati ya kuchunguza kisayansi madai ya mambo yasiyo ya kawaida, na mwandishi Philip Klass akawa msemaji wake mkuu kuhusu vitu vya angani. Klass alishughulikia, miongoni mwa mengine, tukio la tarehe 18 Oktoba 1973, ambapo helikopta ya jeshi iliyoondoka Columbus kuelekea Cleveland ikiwa na watu wanne ilikutana na mwanga karibu na Mansfield. Yeye alisema ni kimondo. Wao walisema chombo kilisimama juu yao. Hoja zote mbili zilitegemea mwanga huo ulidumu sekunde ngapi, na sekunde hizo zilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu wanne tu.

Jeshi la Anga lilifunga uchunguzi wake Desemba 1969 likiwa na taarifa 12,618, kati yake 701 zikiwa bila utambuzi. Majalada yake yako katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na anayetaka kuujua mkasa wa Mantell aanze na karatasi za Januari 1948, si vitabu vya baadaye.