Historia ya Kukokotoa Asilimia ya Chumvi katika Maji ya Bahari, 1819–1902

Asilimia ya tungamo ya chumvi iliyoyeyuka hupatikana kwa kugawanya tungamo ya chumvi kwa tungamo ya myeyusho wote, kisha kuzidisha kwa 100. Kilo 1 ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi, yaani asilimia 3.5. Anayegawanya kwa gramu 965 za maji peke yake hupata 3.63, jibu la swali jingine. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kilichowataabisha wanakemia ni kuzipata hizo gramu 35.

Njia iliyoelekea kuwa ya wazi ni kuchemsha maji hadi yakauke na kupima masalia. Hata hivyo, Robert Boyle alikwisha kuona katika karne ya 17 kwamba njia hiyo haiaminiki. Chumvi ikipashwa moto kidogo, hubaki na maji ndani ya fuwele zake. Ikipashwa sana, kloraidi ya magnesiamu huvunjika na sehemu ya klorini hupotea kama gesi. Mizani haitoi jibu moja.

Ufumbuzi ulitoka katika uwiano. Mwaka 1819 Alexander Marcet alidokeza kwamba bahari zote zina chumvi zilezile kwa uwiano uleule, ingawa wingi wake hutofautiana. Mwaka 1865 Johan Georg Forchhammer wa Denmark alipendekeza klorini pekee ipimwe, kisha izidishwe kwa 1.812. William Dittmar aliuthibitisha uwiano huo mwaka 1884 kwa sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger.

Mwaka 1902 Martin Knudsen na wenzake walitoa kanuni iliyotumika kwa zaidi ya nusu karne: chumvi kwa kila elfu ni 0.030 jumlisha klorini mara 1.805. Kanuni hiyo ina kasoro inayofundisha. Klorini ikiwa sifuri, chumvi bado huwa 0.030. Sababu ni kwamba ilijengwa juu ya sampuli 9 tu, na zile zenye chumvi kidogo zilitoka Bahari ya Baltiki, ambako mito huingiza chumvi zisizo na klorini. Hivyo alama ya mito ya eneo moja iliingizwa katika hesabu ya bahari za dunia nzima, hadi ilipoondolewa katika miaka ya 1960.

Funzo hilo lina uzito Afrika Mashariki. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania, sehemu kubwa ya chumvi ni magadi, yaani kabonati za sodiamu, wala si kloraidi. Anayepima klorini ya maziwa hayo na kuizidisha kwa kizidishi cha bahari atapata tarakimu nadhifu isiyo kweli. Kanuni huhamishika pale tu masharti yaliyoizaa yanapokuwapo.